Gari yangu IST imezima kwenye maji Sebleni, Unguja, jirani ananambia nipige selfu (stata) tu. Nimsikilize?

BintiKikwajuni
Assalaam aleikum. Naingia moja kwa moja maana gari iko nje na barazani kila mtu ana dawa yake.

Gari ni Toyota IST ile ya mwanzo, injini 1NZ, otomatiki. Jana baada ya Alasiri mvua ilipiga ile ya kuziba macho. Nikakata njia za ndani za Sebleni kukwepa foleni ya Amani. Maji yalikuwepo lakini Noah iliyokuwa mbele yangu ilipita bila tabu. Nilipofika katikati ikaja gari ya mzigo upande wa pili, dereva hana habari na mtu, akasukuma wimbi likapanda mpaka juu ya boneti. IST ikafanya "gdu" mara moja, kimya. Taa za dashi zikabaki zinawaka.

Vijana walinisukuma mpaka pakavu, nikaitia N, ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Tokea hapo swichi sijaigusa. Ami yangu jirani, mtu mzima, dereva wa serikali mstaafu, anasema ikishakauka ipigwe selfu, itawaka, gari za Kijapani hazifi kwa maji ya mvua. Mume wangu yuko Pemba kikazi, kwenye simu ananambia ningoje. Mafundi mliomo humu, nimsikilize nani?

Dereva wa 502
Waalaykum salaam. Dada, funguo tia kwenye mkoba wako na mkoba uulalie. Ami mheshimu, mpe na kahawa, lakini selfu asipige.

Masika ya 2017, wakati Mwanakwerekwe pamegeuka ziwa, Hiace ya mwenzetu ilizima majini. Wakaivuta nje. Tajiri, mwenye gari, akapiga simu: washeni, abiria wanangoja. Selfu ikagoma, wakakazana nayo, mwisho ikawaka lakini ina mlio wa nyundo. Wakaipeleka hivyo hivyo, wanakwambia "itakaa sawa ikipata moto". Haikumaliza mwezi. Konrodi, mkono wa pistoni, ikatoka ubavuni mwa bloku, oili yote barabarani, tajiri akatafuta injini nyengine.

KarafuuTupu
Nyie watu wa Unguja mna khofu. Mie niko Chake, naendesha Carina ya zamani. Huku Pemba njia ni kupanda na kushuka, maji yote yanakaa bondeni, kwa hiyo kuzima ni kawaida kila masika. Nafungua boneti, natoa kofia ya distribyuta (kigawa cheche za plagi), nafuta kwa kitambaa kikavu, napuliza, nafunga, safari. Haijanivunja kitu.

Fundi wa Jang'ombe
Waalaykum salaam. Mie ni fundi, gereji yangu ndogo, sikuja kutangaza biashara.

KarafuuTupu hajasema uongo, ila gari yake na ya dada zina maradhi mbalimbali. Carina ya distribyuta ikirushiwa maji na feni, cheche zinapotea njia. Gari inakohoa, inakosa nguvu, inazima kwa kujivuta. Ndani ya injini hamna hata tone, ndiyo maana ukifuta inawaka. Kuna na ya eya klina (chujio la hewa) kulowa chapachapa: karatasi ikishashiba maji haipitishi hewa, injini inakosa pumzi, inazima. Nayo hapo haijaumia.

Dada yetu hakueleza kukohoa. Kasema wimbi lilipanda boneti, "gdu" moja, kimya. Hiyo ndiyo inayonitisha mie.

Hewa inabanika, maji hayabaniki. Chukua hiyo 1NZ: cc 1,497, gawa kwa silinda nne, kila moja ina kama cc 374. Mbano wake ni 10.5 kwa 1. Fanya hesabu, pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki haifiki cc 40. Hivyo ni vijiko vya chakula visivyotimia vitatu. Maji yakizidi hapo pistoni haina pa kwenda, na kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Sasa, injini iliyozima kwa mwendo mdogo mara nyingi husimama tu, haijapinda kitu. Balaa linakuja baadaye, pale mtu anapolazimisha. Selfu peke yake inaweza ikagoma, basi. Lakini tuseme silinda moja ina maji na tatu ni kavu. Zile tatu zikishika moto, zinaisukuma ile yenye maji kwa nguvu zote. Hapo ndipo konrodi inapokwenda. Na wenye gari za manuali ni wabaya zaidi: anasukumwa na vijana wanane, akipata kasi anatia gia ya pili na kuachia klachi. Uzito wa gari nzima unakwenda kwenye konrodi moja. Stata afadhali.

Kwa hiyo dada, mpaka sasa uko salama kuliko unavyodhani. Subiri nimalize kazi, nitaandika cha kufanya.

Mtaalamu wa Clip
Toeni kontrol boksi (kompyuta ya injini) mlifukie kwenye mchele siku mbili, linavuta unyevu wote. Nimeona mtandaoni.

Fundi wa Jang'ombe
Mchele pikeni. Boksi likiingia maji linafunguliwa na kukaushwa na mtu anayejua, na kwenye IST liko juu, maji ya mvua hayalifikii kwa urahisi.

Haya, dada. Kwanza toa terminali ya hasi kwenye betri. Kisha fungua boksi la eya klina, klipu zake hazihitaji spana. Ukiikuta kavu, shusha pumzi, tatizo huenda ni la umeme. Ukiikuta imelowa, angalia na bomba la hewa linalotoka pale kwenda kwenye injini. Likiwa na maji ndani, hapo mwite fundi.

Fundi atoe koili nne (za kutoa cheche) na plagi nne. Kabla ya stata, injini izungushwe kwa mkono: soketi kwenye boliti ya puli ya krenki. Kwa IST ni upande wa dereva, ukitoa tairi ya mbele kulia na kile kizuizi cha matope unaiona. Izunguke mizunguko kamili, taratibu, mwelekeo wa saa. Ikikwama mahali pamoja kila ikifika, msilazimishe. Ikizunguka laini, rudisheni betri, toeni fyuzi ya EFI ili petroli isirushwe, koili zibaki zimechomolewa, ndio mpige selfu. Maji yatatoka kwenye matundu ya plagi kwa kishindo, mtu asiweke uso pale juu.

Na oili. Vuta kile kijiti cha kupimia. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshafika chini, isiwashwe mpaka imwagwe. Weka oili ya bei ndogo na filta mpya, iungurume kidogo, mwaga tena, ndio uweke ile nzuri.

Halafu nisieleweke vibaya. Kusema usiwashe si kusema iache wiki mbili. Maji yakilala ndani ya silinda kutu inaanza upesi, ringi zinanata. Leo hii au kesho asubuhi plagi ziwe nje. Kama fundi hapatikani, angalau zitolewe, maji yatolewe, na kila tundu litiwe oili kijiko kimoja.

BintiKikwajuni
Ahsante sana fundi, Allah akuzidishie. Eya klina nimeifungua mwenyewe. Imelowa, imevimba, ina mchanga na jani zima la mwembe limejibandika katikati. Bomba la baada yake nikitia kidole natoka na maji.

Ami nimemsomea. Anasema yeye kaendesha Land Rover miaka ya nyuma mashamba huko, wakivuka maji mpaka kwenye milango na haijapinda kitu. Anataka jibu.

Fundi wa Jang'ombe
Mpe salamu zangu, shikamoo yake. Na mwambie ni kweli, lakini akumbuke walikuwa wakifanya nini kabla ya kuingia majini. Wakisimama kwanza, wakitoa mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye distribyuta, wakiziba kwa plagi lile tundu la chini ya nyumba ya klachi, wakiingia kwa gia ndogo. Mdomo wa hewa wa gari zile uko juu na mbano ulikuwa mdogo, 8 kwa 1 au chini ya hapo. Gari nyingi ndogo za sasa mdomo wa hewa uko mbele kabisa nyuma ya shoo (grili), kwa ajili ya kupata hewa baridi. Unaelekea moja kwa moja kwenye wimbi.

BintiKikwajuni
Amecheka. Anasema "huyo ni fundi kweli, mkanda tulikuwa tunautoa". Sasa kawa upande wako, anamzuia kila anayekaribia gari.

Pwani Mchangani
Hapo kwenye mdomo wa hewa niongeze. Fungueni maboneti yenu leo, fuateni lile bomba kutoka boksi la eya klina kwenda mbele mpaka mwisho wake. Wengi mtashangaa. Kwenye gari yangu uko sawa na taa. Watu wanapima maji kwa tairi, ilhali kinachoamua ni ule mdomo, na wimbi la gari mwenzio linapanda juu zaidi ya maji yaliyosimama. Tena maji yakipita nusu ya tairi mie narudi. Gari ndogo inaanza kuelea kwenye maji ya sentimita 30 hivi yakiwa yanakwenda, na ikishaelea usukani ni pambo.

Dereva wa 502
Na mkiingia, ingieni gari moja moja. Mtu akiwa katikati, ngoja atoke. Gari nyingi zinazozima zinazimishwa na gari nyengine inayokuja upande wa pili, kama ya dada. Gia ya kwanza au L, mguu usiondoke kwenye mafuta, usikimbie. Ukikimbia unajichotea mwenyewe. Sie daladala tuna tabia ya kufunga turubai mbele ya shoo, inasaidia kwa maji mafupi, lakini rejeta haipumui. Ukitoka tu ulitoe.

Muuza Barafu Mkokotoni
Nina swali, samahani dada kwa kuingilia uzi wako. Mie nina Suzuki Carry, napeleka barafu dikoni (wanakoshusha samaki wavuvi) na kurudi na samaki. Maji yakiwa ya bamvua tunaingia na gari mpaka kwenye maji kidogo tupakie. Haizimi siku ile. Inazima baada ya wiki, njiani, bila sababu. Ikipoa inawaka. Fundi wangu kabadilisha plagi, kabadilisha koili, hali ile ile.

Fundi wa Jang'ombe
Maji ya chumvi ni kesi nyengine kabisa, na kwa visiwa vyetu tunaidharau. Maji ya mvua yakikauka yamekwenda zake. Ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa kila usiku. Mle kwenye soketi za waya shaba inageuka kijani, umeme unapita leo, kesho haupiti. Injini ya Carry iko chini ya viti, waya zake nyingi ziko chini huko karibu na barabara.

Usinunue spea nyengine kwanza. Toa terminali ya betri. Chomoa soketi moja moja: ya sensa ya krenki, za koili, za pampu, angalia kijani. Safisha kwa spirei ya kusafishia vifaa vya umeme na kibrashi laini cha meno, kausha, paka grisi nyepesi isiyo ya kopa, rudisha. Kisha zile waya za ethi (za kurudishia umeme) zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini: zifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, zikaze. Kwa ninavyoliona tatizo lako, mie naanzia kwenye ethi.

Na kila ukirudi dikoni, mvunguni pigwe maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku ile ile. Usingoje Ijumaa.

Muuza Barafu Mkokotoni
Ethi moja imekatika ukiigusa tu. Imebakia unga. Nakuja kukueleza nikishaiunga.

KarafuuTupu
Fundi, mie nimekubali, lakini niambie: nitajuaje siku ile Carina yangu inazima kwa umeme au imekunywa maji? Usinambie kila nikizima bondeni nitoe plagi, mvua inanyesha na giza linaingia.

Fundi wa Jang'ombe
Swali la mtu anayeendesha. Sikiliza ilivyozima. Ilikohoa, ikarukaruka, ikafa pole pole: umeme. Ilikatika ghafla na mshindo: chukulia imekunywa. Kama hukusikia, fungua eya klina tu, kazi ya dakika moja hata kwa tochi ya simu. Kavu? Futa distribyuta yako uende. Imelowa? Lala kwa wenyeji, Wapemba hawakuachi barabarani.

Na kama mtu keshapiga selfu kabla hujafika: ikilia "tap" moja, taa za dashi ziko na nguvu na injini haizunguki, mwambie aache pale pale. Ikizunguka vizuri lakini haishiki, uwezekano mkubwa ni cheche.

Mama Wawili Bububu
Naomba kuuliza, bima inalipa hii?

Pwani Mchangani
Kama ni ile ya mtu wa tatu, inalipa uliyemgonga, injini yako haiihusu. Kama ni bima kubwa soma karatasi yako, maneno ya mafuriko yaandikwe mle. Na piga picha gari ikiwa majini, kabla ya kuitoa.

BintiKikwajuni
Nimerudi na habari.

Fundi wa mtaani kaja baada ya Alfajiri, nikampa simu asome maelezo hapa, akasema sawa, hayo hayo. Plagi ya kwanza na ya nne zilitoka kavu. Ya pili ilitoka inachuruzika, ya tatu ina unyevu. Kazungusha kwa mkono, ikazunguka bila kukwama. Alipopiga selfu maji yalitoka kwenye tundu la pili yakafika kwenye boneti kwa juu na yakarudi kumnyeshea ami, aliyekuwa ameambiwa asogee.

Kisha kafanya jambo sikulitegemea. Kachukua bisibisi ndefu nyembamba, kaitia kwenye tundu la plagi ya kwanza mpaka ikagusa pistoni, kazungusha krenki pole pole mpaka bisibisi ikafika juu mwisho wake. Pale inapotoka kwenye tundu kafunga utepe mweusi. Akafanya hivyo kwa zote nne kwa bisibisi ile ile. Utepe ulikaa sawasawa kwa zote. Kaniambia kama konrodi imepinda pistoni ile haifiki juu kama wenzake, utepe ungezama.

Oili ilikuwa safi lakini kaimwaga na kubadilisha filta. Eya klina mpya. Plagi zile zile kazikausha. Ikawaka kwa kugomagoma, moshi mweupe mwingi, halafu ikatulia. Sasa taa ya cheki injini inawaka, na gari ina harufu ya kitambaa kilichovunda.

Fundi wa Jang'ombe
Alhamdulillah. Huyo fundi wako mshike, ile ya bisibisi wengi hawaifanyi. Ukipata wa kuipima kompresheni (mbano) kwa geji ni bora zaidi, silinda ya pili isiwe chini sana ya wenzake. Na kwa mwezi huu usiikimbize. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga unaoongezeka ukikanyaga mafuta, zima na uivute.

Taa: mara nyingi ni sensa ya hewa iliyo baada ya eya klina, imepata mchanga. Isomwe kwa mashine kwanza. Ina spirei yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa wala kidole, waya wake ndani ni mwembamba sana.

IST ya mwanzo ina kijiti cha oili ya gia boksi. Vuta uangalie. Iwe nyekundu ya kupitisha mwanga. Ikiwa waridi yenye ukungu, maji yameingia kwa juu kwenye kipumulio, ibadilishwe kabla hujaendesha tena. Gia boksi la otomatiki linaumia kwa maji upesi kuliko injini.

Breki: ukitoka nayo, njia tupu, kanyaga kidogo kidogo zikauke.

BintiKikwajuni
Ya gia ni nyekundu, alhamdulillah. Na zulia?

Mama Wawili Bububu
Zulia litoe lote, dada. Yangu nilianika juu juu, likakauka usoni, chini ile sponji ikabaki na maji, gari ikanuka mpaka Ramadhani. Toa viti vya mbele, boliti nne kila kimoja, zulia litoke nje juani.

Fundi wa Jang'ombe
Sahihi, ila kabla ya kutoa viti toa betri na ungoje kidogo. Chini ya viti kuna soketi za mkanda na pengine za eabegi, usizichomoe na umeme uko. Na mkishainua zulia tazameni kwenye sakafu, zile plagi za mpira za kutolea maji. Zifungueni, maji yote yatashuka.

Dereva wa 502
Fundi kabla hujalala, sie wa Hiace za dizeli. Zetu hazina plagi za cheche, tutoe nini?

Fundi wa Jang'ombe
Mnatoa glo plagi (za kupasha moto) au nozeli (za kurushia dizeli). Na nyie mjihadhari zaidi. Mbano wa dizeli za zamani unapita 20 kwa 1. Injini ya cc 2,779 kila silinda ina karibu cc 695, na pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya cc 35 tu au chini. Silinda ni kubwa kuliko ya IST lakini maji yanayotosha kuivunja ni machache zaidi. Na angalieni difu la nyuma. Linakwenda na moto, likiingia maji baridi ghafla linanyonya kupitia kipumulio chake juu. Fungua plagi ya kujazia, tia kidole, oili ikitoka nyeupe-nyeupe mwaga yote.

Dereva wa 502
Kesho kabla ya zamu ya kwanza naingia mvunguni. Yangu ilipita kwenye maji Jumatatu.